ASKARI WA KIBOFU: KWA NINI UGONJWA WA MKOJO HURUDI?



Leo tunajifunza juu ya ugonjwa wa njia ya mkojo. Siku hizi wengi huuita yutiai. Dalili zake tunazijua. Mkojo unachoma. Mtu anakwenda chooni kila mara, lakini yanatoka matone tu. Tumbo la chini linauma. Mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya milioni 400 duniani. Wengi wao ni wanawake.

Tabu yake kubwa ni kwamba hurudi. Kwa kila wanawake 4 wanaougua, mmoja hivi huugua tena kabla ya miezi 6 kupita. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Mume anasema mke katoka nje ya ndoa. Jirani anasema karogwa. Mwenye duka anasema, "Ongeza vidonge viwili vitatu." Je, ukweli ni upi? Tuutafute hatua kwa hatua.

1. Adui anatoka wapi?

Mafigo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamume mrija huo una urefu wa sentimita 20 hivi. Kwa mwanamke ni sentimita 4 tu, tena uko karibu na njia ya haja kubwa.

Adui mkubwa ni kijidudu kiitwacho E. koli. Daktari Mjerumani, Theodor Escherich, alikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Kijidudu hiki huishi matumboni mwetu sote, na huko mara nyingi hakina ubaya. Ubaya huanza kikipanda mrija na kufika kibofuni. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi. Tendo la ndoa pia huweza kukisukuma ndani, hata kwa mke na mume waaminifu. Kwa hiyo, ndugu, ugonjwa huu si ushahidi wa uzinzi. Wala si uchawi.

2. Mwili una askari

Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mtaalamu Ilya Metchnikoff alimchoma mwiba mtoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake alitazama kwa darubini. Akaona chembe ndogo ndogo zimeuzunguka mwiba kama watu waliomzingira mwizi. Akaelewa kuwa mwili una walinzi wake. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili.

Sisi pia tunao walinzi hao. Ni chembe nyeupe za damu. Vijidudu vikiingia kibofuni, chembe hizo hufika kwa saa chache na kuanza kuvimeza. Nyingi hufa vitani. Ndiyo sababu moja ya mkojo wa mgonjwa kuwa na ukungu: ndani yake mna usaha, yaani askari waliokufa. Kibofu nacho hubambua utando wake wa ndani, ili vijidudu vilivyoshikilia hapo vitoke na mkojo.

3. Basi kwa nini hurudi?

Swali hili linashughulikiwa na watafiti wengi, wakiwemo wanafunzi wa shahada ya udaktari. Udaktari huu siyo wa kutibu. Ni ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu. Mwanafunzi huchukua swali moja dogo na kukaa nalo miaka mitatu, minne au zaidi. Huwaingizia panya vijidudu kibofuni, halafu huhesabu. Askari wangapi wamefika? Vijidudu vingapi vimebaki? Kazi ya namna hiyo imefanyika katika Taasisi ya Pasteur huko Paris, Ufaransa, na katika vyuo vikuu vya Marekani.

Wamepata nini? Tutaje mambo mawili.

Kwanza, vijidudu hujificha. Mwaka 2003 watafiti wa mji wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba katika panya E. koli huingia ndani ya chembe za ukuta wa kibofu na kuzaana humo. Askari hawavifikii kwa urahisi.

Pili, mwili una kazi mbili kwa wakati mmoja. Lazima uue adui, na lazima uzibe ukuta wa kibofu ili mkojo usipenye mwilini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliona katika panya kwamba mwili hukimbilia kuziba ukuta kabla adui hajaisha. Ni kama mtu aliyebomolewa ukuta na mwizi. Anauziba haraka mvua isije ikaingia, kumbe mwizi bado yumo uvunguni.

Tena vijidudu vipya huweza kupanda kutoka tumboni. Kwa hiyo kurudi kwa ugonjwa kuna sababu zake za kimwili. Wataalamu wakizijua vizuri, wanaweza kutafuta chanjo na dawa za kuwasaidia askari wetu.

4. Sisi tufanye nini?

(a) Tupime kwanza. Kichocho na kisonono navyo huleta maumivu, na kichocho hutoa damu kwenye mkojo. Dawa zake ni nyingine.

(b) Tumeze dawa kama tulivyoelekezwa zahanati, hadi siku ya mwisho. Tukimeza nusu, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Kesho dawa ile haifui dafu.

(c) Tunywe maji safi ya kutosha. Huko Bulgaria wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa maji kidogo walifuatwa kwa miezi 12. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2.

(d) Tusibane mkojo. Wanawake wajifute kutoka mbele kwenda nyuma.

(e) Mama mjamzito asingoje. Ugonjwa ukipanda kwenye mafigo, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake. Na kwa yeyote, homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni ni dalili za hatari. Aende zahanati siku hiyo hiyo.

Akina baba, mke akiugua tena, msimgombeze. Mpelekeni akapimwe.

MASWALI

1. Kwa nini wanawake huugua zaidi kuliko wanaume?
2. Askari wa mwili ni nani, na kibofuni hufanya nini?
3. Taja sababu mbili za ugonjwa huu kurudi.
4. Jirani yako ameacha dawa siku ya pili kwa kuwa maumivu yamepoa. Utamwambia nini? Jadilianeni katika kikundi, kisha kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari.