Sanduku la Yehoyada
Somo: 2 Wafalme 12:4–16

Pesa za kukarabati hekalu zilikuwa zinaingia, lakini mpaka mwaka wa 23 wa Mfalme Yoashi nyufa zilikuwa palepale. Angalieni, Neno halisemi makuhani walikuwa wezi. Kila mmoja alipokea kivyake kwa watu anaowajua, basi.

Hilo nalijua. Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa chama cha kusaidiana cha akina baba hapa Kangemi. Wengi wetu tunafanya kazi mjini, River Road na Luthuli, kwa hivyo ndugu alinitumia mchango kwa M-Pesa akiwa kwa matatu Waiyaki Way. Simu ni yangu. Pesa za ndugu na za unga wangu zilikaa laini moja. Nilikopa kidogo, nikarudisha. Nikakopa tena, nikasahau. Daftari niliandika nikikumbuka. Ndugu mmoja alipofiwa na mkewe, tulifaa kumpa elfu thelathini. Kwa simu kulikuwa na elfu nne. Alinitazama tu, hakusema kitu.

Mstari wa 15 ndio nilikuwa napenda: waliopokea pesa za mafundi hawakuulizwa hesabu, walikuwa waaminifu. Wa 10 nilikuwa naruka. Sanduku likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja. Hata kuhani mkuu hakuhesabu peke yake!

Siku hizi tuko na akaunti ya sahihi tatu, na hesabu inasomwa kila mwezi mbele ya wote. Deni langu linasomwa pia. Limebaki elfu tisa.