SOMO LETU: Tujifunze kukagua senti za zamani

Katika nyumba nyingi za vijijini bado zipo senti za zamani. Nyingine zimo ndani ya mkebe wa bibi, nyingine zimefungwa kwenye pindo la khanga. Wako wanaozitupa. Wako pia wanaodhani senti moja itanunua ng'ombe. Leo tujifunze kuzikagua wenyewe, tusitupe chenye thamani wala tusidanganywe.

Tuchukue senti kumi yenye tundu, ile wazee waliyoiita peni. Ilitumika Tanganyika, Kenya na Uganda, mpaka kila nchi ilipotoa fedha yake mwaka 1966.

1. Soma maandishi

Kaa penye mwanga. Shika peni kwenye ukingo, usiiguse uso. Utaona pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu. Soma mwaka, kisha tafuta jina la mtawala: GEORGIVS V, EDWARDVS VIII, GEORGIVS VI au QUEEN ELIZABETH THE SECOND. Ndani ya jina la mfalme, V imeandikwa mahali pa U. Baada ya jina la mfalme ni tarakimu: V ni tano, VI ni sita, VIII ni nane. Peni ya 1964 haina jina la mtawala. Ukiona herufi ndogo H au KN, ujue ilipigwa Birmingham, Uingereza.

2. Pima hali yake

Iliyochakaa: pembe zimelika, mwaka unasomeka kwa taabu.

Ya wastani: maandishi yote yanasomeka, lakini sehemu zilizoinuka zimesagika.

Nzuri sana: hata mistari midogo inaonekana, na mng'ao wa kiwandani bado upo. Hizi ni chache, maana peni zilipita mikono mingi.

Tazama pia kama imepondwa, au tundu limepanuliwa.

3. Uzee peke yake siyo thamani

Mfalme Edward VIII alitawala mwaka 1936 tu, tena hakuumaliza. Basi mtu atasema peni yake ni ghali mno. Kumbe zilipigwa mamilioni! Iliyochakaa bei yake ni ndogo. Thamani hutokana na mambo matatu: uchache, hali, na watu wanaoitaka. Madini nayo yana kazi. Shilingi ya simba ya kati ya 1921 na 1946, robo yake ni fedha halisi. Zile za 1948 mpaka 1952 hazina fedha hata kidogo.

4. Usisugue

Hili ndilo kosa kubwa. Watu husugua senti kwa majivu, mchanga au ndimu ili ing'ae. Ile rangi ya kahawia ni ngozi yake. Ukiitoa hairudi, na mkusanyaji atapunguza bei au ataikataa kabisa. Kama ina udongo, iloweke katika maji, kisha ikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

5. Tujihadhari na wajanja

Neno "hela" limetokana na sarafu ya Wajerumani, heller, iliyoanza kupigwa mwaka 1904. Mtu akikuambia ati hela ya Mjerumani huvuta punje za mchele, au ina madini ya siri, usimwamini. Hela moja ni ya shaba tu, hata sumaku haiivuti. Yenye bei kubwa kweli ni rupia 15 ya dhahabu, yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Mnunuzi wa kweli hakuombi utangulize pesa. Akikuomba, mwage hapo hapo. Na kabla ya kuuza, uliza bei kwa watu zaidi ya mmoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Peni ya 1922 imechakaa. Ya 1964 bado inang'aa kama mpya. Mkusanyaji anaweza kupenda ipi zaidi? Kwa nini?

2. Jirani anataka kusugua senti za marehemu baba yake kwa ndimu. Utamshaurije?

3. Andika kwa tarakimu za kawaida: VI, VIII, II.