Premio ya mkononi: usiinunue ikiwa imeshawashwa

Umeiona Premio imepigwa nta, imeegeshwa Musoma mjini, na dalali anakuita bosi. Kabla hujafungua pochi:

1. Nenda asubuhi, na mwombe muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti kwanza. Ina joto? Rudi kesho. Mimi Bunda nilipokewa na injini iliyokwishapashwa, ikilia laini kama cherehani; asubuhi yake ilikohoa moshi wa bluu uwanja mzima. Bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokatika, shuku gasketi ya silinda hedi.

2. Soma namba ya chesesi. Kwa Premio za 2001 hadi 2007, NZT240 ni cc 1500, ZZT240 ni 1800, na AZT240 ni 2000, yaani D4. Ningechukua NZT: haina mbio, lakini haisumbui. ZZT za mwanzo zina jina la kula oili, kwa hiyo chomoa kijiti upime. D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo na mafuta machafu haviivi. Kama huko kwenu petroli ni ya kwenye madumu, achana nayo.

3. Fungua buti, inua zulia, toa tairi la spea. Hapa Mara kuna magari ya familia yaliyokwishabeba samaki na dagaa zaidi ya watoto. Maji ya barafu na ya samaki hutuama kwenye lile shimo la spea, bati linaoza taratibu. Harufu wataificha kwa manukato ya kuning'iniza. Gonga kwa kidole: bati linalia, puti inajibu "du". Puti humo ndani maana yake gari liligongwa nyuma, au kutu imefichwa.

4. Dashibodi inasema kilomita 80,000 na mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma? Amini pedali.

5. Uliza kama ilipiga mchomoko, yaani kubeba abiria wa kulipa. Atakataa. Tazama siti ya nyuma iliyobonyea, springi zilizolala na milango ya nyuma inayofungwa kwa kubamizwa.

6. Iendeshe mwenyewe, mwenye gari akae pembeni. Mjini haitoshi. Toka hadi Makutano, kata kuelekea Butiama, mmejaa watu wanne, AC imewashwa. Kwenye mlima macho yawe kwenye mshale wa joto. Giaboksi nayo isishtuke inapobadili gia. Mkifika, zima, tandika boksi chini ya injini, kunyweni soda. Kisha hesabu matone.

7. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea pesa, na namba ya chesesi ifanane herufi kwa herufi. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, halafu mwende TRA kuhamisha umiliki. Akikwambia kadi iko kwa ndugu yake Tarime, mwachie namba yako ya simu tu.