Jasho Halitibu Kansa, Lakini Linaamsha Walinzi

Wanachuo wenzangu, kuna kauli mbili nazisikia sana. Ya kwanza: "Piga tizi, hutapata kansa." Ya pili, mgonjwa akirudi kutoka hospitali: "Alale tu, asijichoshe." Mimi nasoma ualimu, si udaktari, ila Baiolojia ndilo somo langu la kufundishia. Kauli zote mbili zina kasoro, na kuziamini kunaweza kumgharimu mtu.

Tuanze na damu. Kinga ya mwili ina walinzi wa aina nyingi. Wamo chembe nyeupe ziitwazo seli za NK, ambazo huua seli iliyoharibika bila kusubiri kuizoea kwanza. Ukiwa umekaa, nyingi zimetulia kwenye wengu na kandokando ya mishipa. Ukianza kukimbia, mwili unamwaga adrenalini, moyo unadunda, na ndani ya dakika chache seli hizo zinajaa kwenye damu. Ni kama kengele ya shule: ikilia, wote nje.

Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walionyesha kwamba panya waliokuwa na gurudumu la kukimbilia, uvimbe wao wa kansa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60 ukilinganisha na wa wenzao waliokaa tu. Adrenalini ilipozuiwa isifanye kazi, faida ile ikafifia.

Utasema, panya si mtu. Sawa. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokwishafanyiwa upasuaji na kupata kemo. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa miaka 3 chini ya msimamizi. Jingine lilipewa vitabu vya ushauri. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni kama asilimia 90 kwa 83. Kinga huenda si sababu pekee, maana mazoezi hushusha pia insulini iliyozidi. Lakini angalia: wote walitibiwa kwanza. Mazoezi yalikuja juu ya dawa, hayakuchukua nafasi yake.

Shangazi yangu alipomaliza kemo, ndugu walimnyang'anya hata ufagio. Tukamwuliza daktari wake, akaruhusu atembee taratibu. Siku hizi jioni anakwenda mpaka kwa jirani na kurudi. Anasema kilichokuwa kinamchosha zaidi ni kulala.

Sasa upande wa pili. Kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na inaletwa na kirusi cha HPV. Hata ukimbie mpaka Chalinze, chanjo na uchunguzi vinabaki palepale. Chanjo hiyo imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Acha bodaboda ya hosteli kwenda lekcha, tembea. Na bumu litapumua. Aliye kwenye matibabu aanze kwa kumwuliza daktari wake.

Swali la kujadili chumbani: rafiki yako ameacha dawa za kansa, anasema gym inamtosha. Utamweleza nini, kwa lugha ambayo hata mama yake ataelewa?