Kabureta Ikikohoa, Usianze na Jeti

Pikipiki imetoka Chalinze salama, inafika Lugoba inakohoa. Fundi wa kwanza anasema jeti imekufa, inunuliwe nyingine. Usikubali upesi. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu, haifi kirahisi hivyo. Mara nyingi imezibwa tu na uchafu.

Anza na mafuta. Funga koki, tega chupa tupu ya maji chini ya bakuli la kabureta, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Acha chupa itulie. Maji hukaa chini, petroli juu. Ukiona mstari katikati, au chembe za kutu, umempata mwizi; petroli ya kupimiwa kwenye chupa barabarani huja na mambo hayo. Kung'uta na chujio la hewa, maana vumbi la malori ya kokoto halina huruma.

Halafu kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kuzungusha mkono wa mafuta, udondoshee mpira huo maji kidogo. Mlio ukibadilika, panavuta hewa.

Bado inasumbua? Bandika utepe kwenye mkono wa mafuta, uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Endesha, uone inakohoa wapi:

1. Sailensa hadi robo: jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko.
2. Robo hadi robo tatu: sindano.
3. Robo tatu hadi mwisho: jeti kubwa.

Inapokohoa, vuta choki kidogo. Ikipata nguvu, mafuta hayatoshi. Ikizidi kufa, yamezidi. Plagi itathibitisha: nyeupe ni njaa, masizi makavu ni shibe iliyopita kiasi, kahawia ndiyo sawa.

Sasa fungua jeti husika, iinue kwenye jua. Tundu lionekane duara safi. Zibua kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, kamwe si kwa waya wa chuma, kwani utalipanua. Jeti ikiwa safi na sindano ndiyo yenye kosa, shusha klipu yake hatua moja: sindano itapanda, mafuta yataongezeka. Ukiipandisha klipu, yatapungua.

Kubadili namba ya jeti kuna maana ikiwa, kwa mfano, pikipiki ilitengenezewa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa jeti ya namba ndogo. Huku chini hewa ni nzito, hivyo inataka mafuta zaidi. Na anayetaka kukutilia uzi wa shaba ndani ya jeti "ibane mafuta", mkatalie: injini itachemka, na pistoni ni ghali kuliko petroli uliyookoa.

Rekebisha kitu kimoja, endesha, kisha ndipo uguse kingine. Jeti ya zamani ifunge kwenye karatasi uiweke chini ya kiti. Huenda kesho ukairudisha.