Msitu Una Haki, na Elimu ya Wanaoujua ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo letu ni haki ya msitu, na haki ya watu waliozaliwa ndani yake.

1. Je, msitu unaweza kuwa na haki?

Fikihi inatusaidia kulielewa hili. Wakfu hauna roho wala ulimi, lakini una mali yake, na msimamizi huidai kwa niaba yake. New Zealand mwaka 2014 iliutambua msitu wa Te Urewera kuwa mtu kisheria. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 nayo inayapa maumbile haki ya kuwepo.

2. Nani asimame kwa niaba yake?

Hapa ndipo dhuluma huingia. Kenya iliwafukuza Waogiek katika Msitu wa Mau kwa hoja ya kuuhifadhi. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliikataa hoja hiyo. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao. Sayyidna Umar (r.a.), alipomweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa na awaruhusu wenye mifugo michache waingie.

3. Na elimu ya msitu ni ya nani?

Kwetu Burundi, Batwa wanaijua Kibira na dawa zake. Mwanafunzi akienda huko, akarekodi sauti, akapiga picha za majani, kisha akaziweka mtandaoni, amechukua mali ya nani? Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka idhini ya jamii na kugawana faida. Suratun Nur, aya ya 27, inatufundisha kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Kwa kiyasi, elimu yao nayo ina mlango.

Atasema mtu: elimu haifichwi. Kweli, lakini kuomba idhini si kuficha.

Basi, kabla ya utafiti:

- Omba idhini kwa jamii, kwa Kirundi wanachokielewa.
- Wakikataa jambo, usiliandike.
- Taja elimu imetoka kwa nani.
- Ukimaliza, warudishie nakala.

Amana hurudishwa kwa wenyewe (An-Nisaa, 58).

Wallahu a'lam.