Somo la Makazi: Kabla Familia Haijahama Kariakoo, Ihesabu Siku Yake



Kila mwaka unapokaribia kwisha na kodi za nyumba zinapodaiwa upya, familia nyingi za katikati ya jiji hurudia swali lilelile: tubaki hapa, au tuhamie pembezoni ambako watoto watapata uwanja wa kucheza na wazazi watapata usingizi? Wengine hutazama Kinyerezi na Kivule, wengine Chanika, Buyuni au Msongola, na wengine huvuka hadi Kigamboni. Somo hili halimshawishi mtu abaki, wala halimsukumi aondoke. Nia yake ni kumpa mkazi kipimo cha kutumia kabla hajamlipa dalali.

Baada ya kulisoma, mkazi anatarajiwa aweze kufanya mambo matatu: kutambua ni nini hasa kinachoufanya mtaa ufae kwa kulea watoto, kukokotoa gharama ya kuhama kwa fedha na kwa saa, na kufuata taratibu za kuhama bila kuipotezea familia huduma ilizokuwa nazo.

1. Mtaa unaofaa watoto ni upi?

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita, eneo hili likawa makazi ya Waafrika, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukalitenga na Uhindini. Nyumba zilizojengwa zilikuwa za Kiswahili: kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Uani palipikwa, palifuliwa na palilelewa watoto. Mama mmoja akienda sokoni, wenzake watatu walibaki na macho kwa wanawe.

Kwa hiyo mji haukuwa adui wa malezi. Kariakoo ilifaa watoto kwa sababu ya ua, kibaraza na majirani waliojuana. Nyumba hizo zilipobomolewa kupisha maghorofa, na vyumba vya chini vikageuzwa fremu za biashara, watu hawakukosa paa bali walikosa ua. Mtoto wa ghorofa ya tano leo hana pa kurukia kamba isipokuwa ngazini au barabarani katikati ya mikokoteni na bodaboda. Zaidi ya hayo kuna hofu ya usalama wa majengo yenyewe, ambayo hakuna aliyeisahau tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuchukua maisha ya wenzetu.

Sababu za kuondoka zipo, tena ni nzito. Hata hivyo, historia hii inatupa kipimo cha kwanza. Anayetafuta mtaa wa kulelea asiulize ukubwa wa nyumba tu. Aulize: Je, shule, zahanati na duka vinafikiwa kwa miguu? Je, pana uwanja wa wazi usiopitwa na magari? Je, pana majirani wanaoshinda nyumbani mchana? Mtaa wenye nyumba kubwa zilizozungukwa na kuta ndefu, ambamo kila mtu huondoka alfajiri na kurejea usiku, unaweza kuwa mpweke kwa mtoto kuliko ghorofa ya Mtaa wa Sikukuu.

2. Funzo la Mabwepande

Jiji letu limekwisha kuona familia zikihamishwa kwa wingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, na mapema mwaka 2012 Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Viwanja vilikuwa vikubwa na vikavu, na hatari ya mto ilikwisha. Pamoja na hayo, baadhi ya waliopewa viwanja walirejea kuishi karibu na mji. Biashara zao ndogondogo zilikuwa mjini, nauli ilikula faida, na huduma katika makazi mapya zilichelewa kuliko watu.

Hatulitaji jambo hili ili kumlaumu yeyote. Maisha yalikuwa lazima yaokolewe. Tunalitaja kwa kuwa katika miaka ya karibuni familia nyingine za bonde hilohilo zimelipwa fidia ili kupisha mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, na baadhi yao wanasoma jarida hili. Funzo la Mabwepande ni moja: anayehama huhamisha siku yake nzima, si vyombo peke yake. Nyumba ikihama na siku ikabaki mjini, familia hugawanyika.

3. Jinsi ya kuhesabu siku

Tuchukue mfano wa familia ya baba, mama na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Wamepanga vyumba viwili Kariakoo. Baba ni mbeba mizigo wa duka la jumla, mama ni fundi cherehani. Tarakimu zifuatazo ni za zoezi tu. Kila msomaji aweke zake.

Kodi ya sasa ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Chanika wameona nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 130,000. Kwa haraka, wanaokoa shilingi 120,000.

*Mpango wa kwanza.* Wanahama, lakini wote wanaendelea kuja mjini. Nauli ya mtu mzima, pamoja na bodaboda ya kufikia kituoni, ni shilingi 3,000 kwenda na kurudi. Kwa watu wazima wawili na siku 26 za kazi ni shilingi 156,000. Watoto wamebaki katika shule zao za Kariakoo. Nauli yao kwa vipande vyote vya safari ni shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni shilingi 44,000. Jumla ya nauli ni shilingi 200,000. Familia iliyodhani inaokoa shilingi 120,000 inapata hasara ya shilingi 80,000 kila mwezi.

Kisha zihesabiwe saa. Mtu mzima akitumia saa 4 barabarani kwa siku, kwa siku 26 ni saa 104, yaani zaidi ya siku nne kamili za kila mwezi. Watoto nao huamshwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, hugombea daladala pamoja na watu wazima, husinzia darasani, na hurudi giza limeingia. Ule uwanja uliowafanya wazazi wahame, watoto wanauona Jumapili tu.

*Mpango wa pili.* Nyumba ni ileile na kodi ni ileile. Ila watoto wamehamishiwa shule inayofikiwa kwa miguu, na mama amehamishia cherehani yake Chanika, akija Kariakoo mara nne kwa mwezi kununua vitambaa. Nauli ya baba ni shilingi 78,000, ya mama ni shilingi 12,000, na jumla ni shilingi 90,000. Sasa familia inaokoa shilingi 30,000, na watoto wanapotoka shule wanamkuta mzazi nyumbani. Lakini mahesabu hayajaisha: wateja wa mama walikuwa mjini. Pato lake likipungua kwa zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwezi, akiba hiyo haipo tena. Ni wajibu wake kupima soko la Chanika kabla ya kufungasha mashine.

Msomaji atambue kwamba tofauti kati ya mipango hii miwili haikuletwa na nyumba. Imeletwa na siku.

Katika kukokotoa, pima kwa usafiri uliopo leo. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, na awamu ya tatu imeelekezwa Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Hata hivyo, mtoto hawahi shule kwa basi linalosubiriwa. Fanya safari ya majaribio siku ya Jumatatu, si Jumapili: ondoka eneo unalotaka kuhamia saa kumi na moja alfajiri, na urejee jioni wakati wa msongamano. Fanya hivyo mara tatu, kisha ndipo uzungumze na dalali.

4. Anayenunua kiwanja azingatie nini?

Wengi huhama kwa sababu wamepata nafasi ya kujenga. Hatua hizi zisirukwe:

*Tembelea kiwanja wakati wa masika.* Kati ya Machi na Mei ardhi husema ukweli. Uliza wenyeji maji hupita wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

*Hakiki umiliki na matumizi.* Kwa ardhi iliyosajiliwa, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa ardhi yoyote, fika idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri husika uone kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Kiwanja cha bei rahisi kinaweza kuwa barabara katika ramani, au shule ya kesho.

*Hakikisha ridhaa ya mwenza.* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Muuzaji aje na mke au mume wake.

*Andikishaneni mbele ya wakili, na malipo yapite benki.* Risiti ya benki haichakai kama kumbukumbu ya shahidi.

*Omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi.*

Kuhusu maji, usiridhike na bomba ulilolionyeshwa. Uliza majirani hutoka siku ngapi kwa wiki. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mto Ruvu, na mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, mto ulipopungua kwa ukame, ulitukumbusha sote umuhimu wa tangi la akiba.

5. Kuhama bila kupoteza huduma

Shule: mwone kwanza mwalimu mkuu wa shule unayokusudia kumpeleka mtoto, ujue kama nafasi ipo. Ndipo uombe uhamisho katika shule ya sasa. Mtoto mwenye ulemavu anahitaji uangalifu zaidi. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, hapa katikati ya jiji, hupokea wanafunzi wenye ulemavu, wakiwamo wasioona. Huduma ya namna hiyo haipo katika kila kata. Kwa familia kama hiyo, kubaki karibu na shule kunaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko vyumba vitatu na ua.

Afya: chukua kadi za kliniki za watoto ili chanjo zisikatike. Anayetumia dawa za kila mwezi aombe barua ya uhamisho katika kliniki yake kabla ya kuondoka, si baada ya dawa kwisha.

Mtaa: ukiondoka, muage mtendaji wa mtaa na uombe barua ya utambulisho. Ukifika, jiandikishe katika mtaa mpya ndani ya siku za mwanzo, na urekebishe taarifa zako katika daftari la wapiga kura muda wa uboreshaji ukifika. Aliye katika kikundi chenye mkopo wa halmashauri awaarifu wenzake na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, ili marejesho yasiwaelemee waliobaki.

Wazee: jambo hili husahauliwa kuliko yote. Katika kaya nyingi za Kariakoo, bibi ndiye anayempokea mjukuu kutoka shule. Familia ikihama na bibi akabaki, mtoto amepoteza mlezi na bibi amepoteza wa kumwitia daktari usiku. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bibi aulizwe mapema, na jibu lake liingizwe katika hesabu sawa na nauli.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Andikeni siku ya kila mwanakaya, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Ni saa ngapi zitabadilika mkihama?
2. Ni kazi gani ya familia inayoweza kuhama pamoja na nyumba, na ni ipi isiyoweza?
3. Mtoto akiugua saa nane mchana, nani atamfikia kwanza, na baada ya muda gani?
4. Ikiwa mnabaki Kariakoo, ni jambo gani moja ambalo ninyi na majirani zenu mnaweza kuliomba katika mkutano wa mtaa ili watoto wapate mahali salama pa kucheza?

Swali la nne halikuwekwa kwa bahati. Si kila familia itahama, wala si kila familia inapaswa kuhama. Mikutano ya mtaa ni ya wote, na suala la watoto kukosa pa kucheza lina haki ya kuwekwa katika ajenda kama lilivyo suala la taka na mitaro. Anayehama ahame kwa hesabu. Anayebaki abaki kwa sauti. Majibu ya maswali haya mkiyaleta katika ofisi ya kata yako, yatawasaidia pia majirani wanaokabiliwa na uamuzi kama huu.